Saa ya Kijana wa Penseli

"Uso ni wa mume wangu, ukuta ni wangu, na msumari niliupigilia mwenyewe," alisema Fundi. "Wewe hapo una nini?"

"Mchoro," alisema mdogo wake. "Kila palipopita penseli ni pangu."

"Basi chukua penseli yako uniachie karatasi."

"Dada, usinifanyie utani. Nina treni saa tisa."

Ugomvi huo ulianza wakati wa chai ya asubuhi, ukapumzika kidogo mteja alipokuja dirishani kuchukua saa yake ya ukutani, kisha ukaendelea pale pale ulipoachwa. Ilikuwa Jumamosi. Chumba cha mbele kilikuwa sebule na karakana kwa pamoja: upande mmoja viti na meza ya kulia, upande wa pili meza ya kazi, taa ya shingo ndefu, visahani vya skrubu zisizozidi mbegu ya ufuta, na saa za watu zilizosubiri matibabu, kila moja ikisema lake. Mume wa Fundi alikuwa mezani anakula chakula cha mchana peke yake, kwa kuwa saa yake ya mkononi ilionyesha saa saba kamili. Ilikuwa saa sita.

"Shemeji, nawe sema neno," alisema mdogo mtu. "Mwenye uso ni wewe."

"Mimi nakula," alisema shemeji yake. "Uso wa kutumia ninao huu hapa. Ule mwingine gawaneni."

Mdogo mtu alikuwa mwalimu wa kuchora. Alikuwa amehamishiwa chuo cha ualimu katika mji wa mbali, na masanduku yake mawili yalikuwa tayari mlangoni. Hakuwahi kuolewa. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba alichelewa, akaishia hapo. Fundi hakupenda neno hilo litamkwe nyumbani kwake.

Mchoro wenyewe ulitundikwa ukutani, juu ya meza ya kazi, ndani ya fremu nyeusi iliyolingana na sinia ndogo. Ulikuwa mchoro wa mazoezi, wa kijana wa miaka ishirini na sita, kuanzia kifuani kwenda juu. Nywele zilikuwa zimeshughulikiwa vizuri, unywele kwa unywele. Paji la uso lilikuwa na mwanga wake, pua ilikuwa na kivuli chake. Sikio la kushoto lilikuwa mstari mmoja tu, kama mkono wa kikombe, na bega lilikuwa mistari miwili ya haraka. Mdomo ulikuwa wa juu peke yake. Chini yake palikuwa na karatasi safi mpaka kidevuni. Kijana alikuwa ameinua mkono wa kushoto kugusa kola, mkono wa shati umeteleza kidogo, na kwenye kifundo cha mkono ilionekana saa.

Saa hiyo ilikuwa inatembea.

Fundi aliligundua hilo wiki ya kwanza ya ndoa, alipokuwa anapangusa vumbi. Alisikiliza, akatazama, akaendelea kupangusa. Kwa fundi saa, saa inayotembea si ajabu. Ajabu ni ile iliyosimama. Lakini kuna mambo mawili yalimkaa rohoni. La kwanza, hakuna aliyewahi kuitia ufunguo, na kwa miaka ishirini na minne haikuwa imepoteza sekunde hata moja. Alikuwa ametengeneza saa elfu kadhaa maishani mwake na hakuna hata moja iliyomtii kiasi hicho. Mdogo wake, ambaye hakujua gurudumu wala springi, alikuwa ameitengeneza kwa penseli ya shule, tena akiwa anawaza mambo mengine.

La pili, ilikuwa mbele saa moja.

Hilo la pili lilikuwa na historia yake, na aliyeijua yote ni Fundi.

Kijana alikuja nyumbani kwa baba yao, fundi saa wa kwanza wa mtaa ule, kuleta saa iliyoingia maji. Baba akampa binti yake mkubwa aishughulikie. Kijana akasimama dirishani kungoja, mwanga ukampiga upande mmoja wa uso, na mdogo mtu, aliyekuwa chuoni na mwenye deni la mchoro mmoja wa uso wa mtu, akamwambia bila kuzunguka: "Una uso unaokaa vizuri kwenye mwanga. Unaweza kuja nikuchore?" Kijana akasema anaweza. Wakapatana saa kumi na moja, kwa kuwa mchoraji alikuwa anarudi kutoka chuoni saa kumi na moja.

Fundi, wakati huo binti wa miaka ishirini na mbili, aliyasikia hayo akiwa nyuma ya mlango, saa ya kijana iko kiganjani mwake, kifundo cha pembeni kimevutwa, mishale iko tayari kuwekwa. Akaiweka. Akazungusha mshale mrefu mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, akasukuma kifundo ndani, akaenda kumkabidhi mwenyewe.

Tangu siku hiyo kijana alifika saa kumi akidhani ni saa kumi na moja. Nyumba nyingine ingemsuta. Lakini nyumba ya fundi saa ndiyo nyumba pekee ambamo huwezi kujua ni saa ngapi: ukutani palikuwa na saa kumi na saba za wateja, na hakuna mbili zilizopatana. Kijana akaamini mkono wake. Mchoraji hajarudi? "Atakuja, huwa anachelewa," Fundi alisema, akamletea kiti na maji ya kunywa. Alasiri kumi na moja zilikwenda hivyo, saa nzima kila siku. Siku ya kumi na mbili kijana alikuja kukaa kuchorwa, na alipofungua mdomo alisema kwamba yeye na dada mtu wanaoana.

Alimwoa, na saa hakuirudisha nyuma mtu.

Alifika harusini saa moja kabla ya watu, akakaa peke yake kwenye viti vitupu, na wageni walipokuja walisema, huyu kweli ana hamu. Akapata kazi ya kusimamia maktaba ya mji. Aliifungua saa mbili yake, ambayo ilikuwa saa moja, akapanga upya meza ya magazeti ambayo hayajafika. Jioni akaifunga wasomaji wakiwa bado njiani, nao wakazoea. Mji ukampa jina: Mapema. Ofisi ikampa cheti cha kuwahi kazini, naye akakitundika ukuta wa pili, kikawa kinatazamana na mchoro. Aliponunua simu aliisogeza mbele saa moja ili iende sawa na mkono. Redio ilipotangaza saa, aliionea huruma.

"Mke wangu ni fundi saa," aliwaambia waliothubutu kumuuliza. "Kama saa yangu na saa ya mji hazipatani, mji ndio upelekwe kwa fundi."

Mtu akikuamini hivyo, utaanzia wapi? Mwaka wa kwanza Fundi alisema atamwambia mwaka wa pili. Mwaka wa pili akasema, akinigundua nitakiri. Hakugundua. Alikuwa mume mzuri, hilo halina ubishi: alimenya vitunguu, alipiga pasi mashati yake mwenyewe, hakuwahi kupaza sauti. Ila alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama saa, kujua kinachofuata. Yule wa kwenye karatasi hakutazama hivyo. Yule alitazama kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta na sasa anaogopa kupepesa.

Na wivu haujui aibu. Fundi aliolewa na mwenye macho, akakaa miaka ishirini na minne akimwonea wivu mtu aliyepewa mtazamo tu.

Kila jioni, akishafunga dirisha la wateja, alivaa lenzi yake ya jichoni, akapanda kwenye kigoda, akauchunguza mchoro. Katika kila mboni palikuwa na nafasi nyeupe ya nuru, na ndani ya nafasi ya jicho la kulia, kwa lenzi ya kukuza mara kumi, alionekana mwanamke ameketi, ubao umelala magotini, kichwa kimeinama kidogo upande. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Miguu ile iliyokunjwa chini ya kiti alikuwa ameiona tangu utotoni.

Mwaka wa tatu Fundi alichukua kifutio akamfuta. Hakufutika, alizidi kung'aa. Ndipo Fundi alipoelewa kwamba mdogo wake hakuwa amechorwa. Alikuwa ni karatasi, mahali ambapo penseli iliambiwa isifike. Huwezi kufuta kisichoandikwa. Mwaka wa tisa alichonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akaisogeza mpaka karibu na jicho, amzibe. Akairudisha mezani. Angemziba, na kijana angekuwa kipofu. Fundi hakutaka awe kipofu. Alitaka atazame pengine.

Nyuma ya mwanamke yule mweupe palikuwa na nukta moja ya penseli. Lenzi ya mara kumi haikuimudu. Aliagiza ya mara ishirini. Kwa lenzi hiyo nukta ilikuwa na kitu kama mgongo na kitu kama miguu. Huenda ilikuwa yeye, ameinama juu ya meza ya kazi. Huenda ilikuwa kiti. Miaka kumi na mitano alikuwa hajafikia uamuzi.

Sasa mdogo wake alitaka kuondoka na vyote: macho, nukta, na saa.

"Unautakia nini?" aliuliza Fundi. "Umeuacha hapa miaka yote hii."

"Sikuumaliza."

"Na usiumalize."

Hapo sauti ya Fundi ilipanda kidogo kuliko alivyokusudia. Mume wake aliinua macho kwenye sahani, kisha akayarudisha. Fundi aliwaza mdomo wa chini. Kijana aliyevaa saa ile mkononi usiku na mchana, mtu akimmalizia mdomo, neno lake la kwanza litakuwa lipi?

Mume alimaliza kula, akapeleka sahani yake jikoni akaiosha, akarudi anafungua mkanda wa saa. Kila Jumamosi baada ya chakula alimpa mkewe saa aisafishe, naye akaenda kuoga.

"Mke wangu, hii hapa. Shemeji, nitakusindikiza stesheni, usibebe masanduku peke yako. Tutoke saa nane na nusu, ni mwendo wa nusu saa, tutafika saa tisa."

"Treni si itakuwa inaondoka?" alisema shemeji yake bila kutabasamu.

"Treni za hapa? Zote huchelewa saa nzima. Hazijawahi kuniangusha."

Akaingia bafuni. Maji yakaanza kusikika.

Fundi aliketi mezani, akawasha taa, akavuta kifundo cha pembeni, akafungua mgongo wa saa. Alipitisha brashi, akatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano. Mdogo wake alisogeza kiti akakaa mbele yake, miguu imekunjwa chini ya kiti.

"Hujairudisha bado," alisema.

"Nini?"

"Saa moja ile."

Fundi alipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Ulijua lini?"

"Siku ya nne, nilipofika kwenye kifundo cha mkono. Jua lilikuwa la saa kumi na moja, saa inasema kumi na mbili. Mwalimu wetu alikuwa anatuambia, choreni mnachokiona, msichore mnachokijua. Nikachora nilichokiona."

"Na mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Saa za wateja ziligonga, baadhi saa mbili, moja saa kumi na moja. Dada mtu alishusha brashi.

"Na mdomo? Kwa nini hukuumaliza?"

"Nilikuwa nimefika mdomoni alipoufungua akasema mnaoana. Huwezi kuchora mdomo unaocheza, dada."

Fundi alivua lenzi, akaifuta kwa kitambaa, akamnyoshea. "Panda pale. Jicho la kulia. Nyuma yako kuna nukta. Niambie ni mimi au ni kiti."

Mdogo wake hakuuliza anaongelea nini. Alipanda kigoda, akavaa lenzi, akatazama kwa muda wa kutosha kuwa mwadilifu.

"Ni kiti," alisema.

"Una hakika?"

"Ni kile cha mguu mbovu. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango unasikiliza. Unakohoa ukisikiliza, toka zamani."

"Na macho yale? Alikuwa anamtazama nani?"

"Mimi. Anayechorwa huambiwa amtazame mchoraji. Ningemwambia atazame kiti, angetazama kiti." Alishuka, akairudisha lenzi mezani. "Mume wako ukimwambia tazama, anatazama. Wewe ulimwambia atazame saa."

Bafuni maji yalikatika. Mdogo mtu aliangalia mlango ule, kisha mchoro, kisha akavuta mkoba wake karibu.

"Baki nao," alisema. "Nimebadili mawazo. Mchoro ninao kichwani. Mimi leo nitakaa na mume wako kwenye benchi la stesheni, saa nzima, tukingoja treni iliyochelewa. Unajua saa hiyo imetoka wapi."

Fundi alipiga hesabu, na hesabu haikukubali kugeuka. Alasiri kumi na moja alikuwa amezikata zikawa zake. Leo moja ilikuwa inarudi kwa mwenyewe, imefungwa kwenye mkono wa mume wake, na fundi aliyeitengeneza ni yeye. Alisimama, akapanda kigoda, akashusha mchoro. Akaufunga kwa kitambaa cha flaneli anachofungia saa za thamani, akauweka mapajani mwa mdogo wake.

"Chukua. Ila uende peke yako."

"Asante, dada," alisema mdogo wake, akaukumbatia. "Lakini shemeji ameshasema atanisindikiza. Mimi ni nani nimkatalie mtu mzima?"

Mume alitoka na shati lililopigwa pasi, akaona ukuta mtupu, akasema, "Mmegawana, vizuri," akanyosha mkono wa kushoto avalishwe saa.

Saa ilikuwa kiganjani mwa Fundi, imefungwa mgongo, kifundo cha pembeni bado kimevutwa. Mshale mrefu, mzunguko mmoja kinyumenyume. Ni kazi ya pumzi mbili. Ameifanya kwa saa za watu asiowajua. Wangetoka nyumbani kwa wakati wa kweli, wangefika treni imeshaanza kupiga honi, hakuna benchi, hakuna saa nzima. Lakini mume angeuliza kwa nini mke wake ameirudisha nyuma. Na yule ni mtu wa maktaba, anapanga vitu kwa namba. Angeanza kuhesabu kutoka leo kurudi nyuma, siku kwa siku, bila haraka, mpaka afike kwenye kiti na maji ya kunywa.

Mdogo wake alikuwa anamtazama. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anayetaka kuchora.

Fundi alisukuma kifundo ndani. Akamvalisha mumewe saa, akafunga mkanda kwenye tundu la tatu, pale pale siku zote.

"Saa nane na nusu," alisema mume, ameridhika. "Twende."

Fundi alizima taa ya meza, akageuza kibao cha dirishani upande ulioandikwa NIMETOKA, akavaa viatu.

"Wewe nawe unakwenda wapi?" aliuliza mumewe.

"Ninamsindikiza mdogo wangu. Kuna ubaya?"

"Ubaya uko wapi? Beba sanduku."

Akabeba sanduku. Walitembea watatu nusu saa, mume mbele, na walipofika stesheni palikuwa kimya. Mfagizi alikuwa anafagia mwanzo wa jukwaa. Kulikuwa na benchi moja kivulini. Mdogo mtu alikaa mwisho wa kushoto, mume akakaa mwisho wa kulia, katikati wakaacha nafasi ya kuweka masanduku. Fundi aliyashusha masanduku chini akakaa yeye.

Palikuwa pembamba. Bega la mdogo wake lilikuwa linamgusa upande mmoja na kiwiko cha mumewe upande wa pili. Kutoka ndani ya flaneli, mapajani mwa mdogo wake, saa ya penseli ilisikika ikitembea, na kutoka mkono wa mumewe saa ya chuma ilisikika ikitembea, na zote mbili zilikwenda pamoja, hatua kwa hatua, naye yuko katikati yake.

"Leo saa yangu inalia kwa nguvu," alisema mume.

"Ni mafuta mapya," alisema Fundi.

Mdogo wake alitoa penseli mkobani na kichongeo, akaanza kuchonga taratibu, akikinga maganda kwa kiganja. Fundi aligeuka akamtazama mumewe machoni, karibu, bila lenzi. Alikuwa anatazama relini, upande treni inakotokea. Kisha akatazama mkono wake, akatikisa kichwa.

"Saa tisa kamili, na hata moshi wake hauonekani," alisema. "Imechelewa tena."

Penseli ilisimama kwenye kichongeo.

"Imechelewa," alisema Fundi.